Korosho zinaingia, mvua inakuja: umeshaisoma upya bima ya nyumba na duka lako?

Mkaguzi_Kusini

Wakuu salaam.

Uzi huu ni kwa wenye nyumba, gesti, duka au stoo Mtwara na Lindi ambao tayari wana bima. Asiye nayo karibu asome, ila ninayemlenga hasa ni yule ambaye mkataba wake umelala kwenye droo na kitu pekee anachokijua ni tarehe ya kuisha.

Kazi yangu ni ukaguzi. Natumwa kuangalia mali kabla haijakatiwa bima, mara nyingine kuangalia kilichobaki baada ya janga. Sitaji kampuni wala siuzi kitu, kwa hiyo PM za "naomba bei" sitazijibu.

Hoja yangu ni moja. Bima ya mali unaikata mara moja kwa mwaka, lakini mali za huku kwetu hazikai hali moja mwaka mzima. Duka la vifaa vya ujenzi Masasi mwezi wa tatu na duka hilohilo mwezi wa kumi na moja ni maduka mawili tofauti. Stoo iliyokuwa tupu Aprili, Juni ina salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), Oktoba imejaa magunia. Paa lililozoea kusi linakuja kupigwa upande wa pili kaskazi ikishika. Mkataba haujui lolote kati ya hayo, unajua ulichojaza kwenye fomu siku ile. Ningesema usomwe mara mbili: sasa hivi kabla mvua hazijaanza, halafu Mei au Juni zikishakwisha. Sisi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga. Tuna msimu mmoja, Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei, kwa hiyo hata kukumbuka ni rahisi.

Naanza na kiasi, maana hapo ndipo vilio vinapotokea.

Tuseme mwezi wa tatu ulitaja bidhaa za milioni 30. Minada ya korosho ikaanza, wakulima wakalipwa, kila mtu anataka mabati na saruji, nawe ukajaza duka hadi milioni 90. Ukatokea moto, ukala bidhaa za milioni 30. Wengi wanaamini watalipwa 30 yote kwa sababu ndicho kiasi cha bima. Hapana. Kampuni inasema ulikata bima ya theluthi moja ya mali, basi inabeba theluthi moja ya hasara: milioni 10, na humo bado haijatolewa eksesi, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe. Kwenye mkataba inaitwa kanuni ya wastani, na kwenye mikataba mingi ya moto ipo. Dawa yake ni mbili: uombe kiasi kiongezwe kwa miezi ya msimu, au uchukue ule mkataba wa tamko, unapeleka thamani ya bidhaa kila mwezi na ada inarekebishwa mwishoni. Wenye stoo kubwa wanaujua, wenye maduka ya kati hawaambiwi.

Kwa jengo kosa ni jingine. Mtu wa Shangani hapa Mtwara anataja bei ambayo angeuza nyumba yake, na humo ndani kuna bei ya kiwanja karibu na bahari. Kiwanja hakiungui. Unachotakiwa kutaja ni gharama ya kulijenga tena jengo hilo kwa bei za leo: tofali, nondo, kenchi, bati, fundi, hata kuzoa kifusi. Na uulize kama unalipwa gharama ya kujenga upya au thamani baada ya kutoa uchakavu, maana nyumba ya miaka ishirini ikitolewa uchakavu unaweza kupokea hela ya msingi na madirisha.

Sasa hatari zenyewe. Bima ya moto ya kawaida, ile ya bei rahisi, inabeba moto, radi na mlipuko wa mtungi wa gesi ya kupikia. Imeishia hapo. Dhoruba, mafuriko, tetemeko, vurugu, gari kugonga ukuta, bomba kupasuka, yote hayo ni nyongeza, na lazima uyaone yameandikwa. Hili la vurugu wana Mtwara hatuhitaji kukumbushana, 2013 mali zilichomwa wakati wa sakata la bomba la gesi kwenda Dar.

Dhoruba nayo tusijidanganye kwamba ni ya Msumbiji. Mtwara tuko nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta, ukingoni mwa eneo ambalo vimbunga vinafika. Lindi ilipigwa Aprili 1952, wazee wanasimulia. Kenneth Aprili 2019 tuliambiwa tukae ndani, kikaenda kushukia Cabo Delgado. Hidaya Mei 2024 kikaingia Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Dar pale Kilwa, tukabaki tunahesabu malori. Angalia miezi: Aprili, Aprili, Mei. Wengi wakati huo wameshasema mvua zimekwisha.

Na jambo ambalo huwa nalirudia kila ofisi: nyongeza ya dhoruba hainunuliwi TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikishatoa tahadhari. Kampuni zinafunga dirisha, au zinaandika kwamba tukio hilo halimo. Bima ni ya jambo lisilojulikana.

Ya dhima nitaandika huku chini, simu inakaribia kuzima.

Kangomba_Mstaafu

Nimeweka kambi hapa.

Swali mkuu, nina rafiki yangu ana magunia kadhaa ya korosho chumba cha uani, alinunua kwa wakulima kabla ya minada. Akikata bima inakubali? Ni rafiki yangu lakini.

Mkaguzi_Kusini

Hahaha, msalimie rafiki yako.

Korosho ghafi zinatakiwa zipitie AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na stakabadhi ghalani. Mzigo ulioupata kinyume cha sheria huwezi kuukatia bima ukategemea kulipwa, hata kama wakala akipokea hela yako. Siku ya hasara cha kwanza utakachoombwa ni uthibitisho wa umiliki. Rafiki yako atatoa karatasi gani?

Kwa wakulima halali: mzigo ukishapokelewa kwenye ghala lenye leseni, mwendesha ghala ndiye anayetakiwa awe na bima. Ulizeni viongozi wa AMCOS wawaonyeshe kama ipo hai msimu huu. Ni haki yenu kuuliza, na mkiuliza mkutanoni mbele ya watu hawakwepi. Mzigo ukiwa bado nyumbani kwako haumo kwenye bima ya ghala.

MamaGesti

Mkaguzi ahsante. Mimi nina gesti ya vyumba kumi na mbili Masasi, nilichukua mkopo benki na bima wakanikatia wao wenyewe, wanakata humohumo kwenye mkopo. Nahitaji kuhangaika na haya?

Mkaguzi_Kusini

Dada yangu, wewe ndiye unayehitaji kuliko wote. Kesho nenda benki uombe nakala ya mkataba, sio risiti, mkataba. Angalia mambo matatu.

Kiasi kwanza. Benki inalinda hela yake. Nimeona jengo la zaidi ya milioni mia mbili limekatiwa milioni sitini kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye deni. Likiungua nusu, ile hesabu ya wastani niliyoandika juu inakuangukia wewe.

Pili, nani analipwa kwanza. Utakuta benki imeandikwa kuwa mpokeaji wa kwanza wa fidia. Hiyo ni halali, ila ujue deni likishafutwa chako ni kinachobaki, kama kipo.

Tatu, vitu vya ndani. Vitanda, magodoro, feni, friji, televisheni, jenereta. Mara nyingi bima ya benki ni ya jengo tu. Na kama uani umejenga banda la makuti la kupumzikia wageni baada ya kukata bima, sema. Makuti yanaongeza hatari ya moto kwa jengo zima. Yasiposemwa yanakuwa kisingizio kizuri cha kukataa madai.

Na tangu 2022 Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Bima kwamba majengo ya biashara yawe na bima kwa lazima, pamoja na masoko ya umma, bidhaa kutoka nje na vyombo vya majini. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua.

Jembe_la_Mtama

Porojo. Bima za bongo ni wizi mtupu. Nilikata miaka minne, duka likaingia maji nikaambiwa "haya sio mafuriko". Maji yalinifika magotini halafu sio mafuriko!! Tangu siku hiyo hela yangu naweka kwenye ng'ombe.

Mkaguzi_Kusini

Pole sana kaka. Maji yalitokea wapi? Yaliingia mlangoni kutoka nje, au yalitoka juu?

Jembe_la_Mtama

Juu. Gata lilijaa, maji yakarudi ndani, jipsam yote ikashuka, asubuhi duka bwawa.

Mkaguzi_Kusini

Ndiyo sababu nimeuliza. Mafuriko kwenye mikataba ni maji yanayojaa kutoka nje: mto umevunja kingo, mtaro umefurika, bahari imepanda. Maji yaliyopita juu kwa sababu gata limeziba majani au bati limeoza yanahesabiwa ni uchakavu na kukosa matunzo, na uchakavu hakuna kampuni inayoubeba. Ila upepo ukifumua bati kwanza, mvua ikaingia kwenye uwazi huo, hiyo ni dhoruba, na kama una nyongeza unalipwa mpaka bidhaa zilizolowa. Maji yaleyale, duka lilelile, ila njia yaliyopitia ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo kwa mtu wa pwani ukaguzi wa paa mwezi huu ni sehemu ya bima. Nikipanda juu ya nyumba za Mikindani na Shangani naangalia misumari kwanza. Chumvi inakula kofia ya msumari, unaona duara la kutu limeizunguka, ukiigusa kwa kidole inazunguka yenyewe. Hapo bati halijashikwa na kitu, limekaa kwa uzito wake. Halafu naingia darini nione papi zimepigwa kwenye kenchi kwa misumari ya kutosha, na kenchi zenyewe zimefungwa kwenye linta kwa waya au nondo, au zimewekwa tu juu ya ukuta. Nyumba nyingi za bati la geji 30 zimewekwa tu.

Badilisha misumari, zibua gata, piga picha zenye tarehe. Siku kampuni ikisema paa lilikuwa bovu toka zamani, unazo.

Kama barua ya kukataliwa bado unayo, soma wametaja kifungu gani. Usiporidhika kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ofisi ya kanda ya kusini iko hapahapa Mtwara, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Watu wa kawaida wanapeleka huko bila wakili.

Salfa_Kali

Mimi ni wakala wa pembejeo Newala. Hilo la salfa umelitaja ukalipita. Nieleze.

Mkaguzi_Kusini

Salfa ya unga ni kitu kinachowaka, na vumbi lake likiwa hewani ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kulipuka kwa cheche. Fomu yako ya bima, naweka dau, imeandikwa "duka la pembejeo na vifaa vya kilimo". Halafu mwezi wa sita mifuko ya kilo 25 imepangwa hadi dari, pembeni kuna mapipa ya petroli ya mashine za kupulizia, na kijana anachomelea geti mlangoni.

Andika barua moja fupi: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani natunza salfa, takriban mifuko kadhaa, imetengwa na mafuta, vizima moto viko viwili na vimekaguliwa. Ada itapanda kidogo. Ukikaa kimya, msimu wote unalipia mkataba wanaoweza kuukana siku ya hasara, kwa sababu bima inasimama juu ya ukweli uliousema na ukweli ukibadilika unatakiwa useme tena. Kisha kama kwenye mkataba kuna sharti la vizima moto, vikaguliwe kweli. Nimeviona vingi vina stika ya miaka mitatu iliyopita.

Mwana_wa_Ngongo

Mkuu dhima bado hujaandika. Nina kesi ya moto moto: mwembe wangu mkubwa, tawi limeegemea upande wa jirani. Anapaki gari chini yake. Mvua zikianza tutakuja kugombana.

Mkaguzi_Kusini

Haya, dhima.

Bima ya mali inakulipa wewe kwa kilichoharibika kwako. Bima ya dhima inamlipa mwingine kwa kilichoharibika kwake kwa kosa lako. Mwenye nyumba wa kawaida hana hii ya pili kabisa, na mwenye gesti anadhani imo ndani ya ile ya kwanza. Wakati mwingine imo kweli, kama kipengele kidogo cha mkataba wa nyumba, chenye kikomo kidogo pia.

Neno kubwa hapo ni kosa. Mwembe mzima wenye afya ukiangushwa na dhoruba isiyo ya kawaida, huenda huna kosa na jirani hana cha kukudai. Lakini tawi lililokauka, ambalo jirani alishakwambia mara mbili likatwe, likianguka hata kwa upepo wa kawaida, hapo umezembea. Vivyo hivyo ukuta wa uzio uliopasuka tangu mwaka jana, bati lililokuwa linapiga kelele usiku mtaa mzima unalisikia, nazi zilizokomaa juu ya njia ya wageni. Bima ya dhima inakuja pale unapodaiwa kisheria: inalipa fidia hadi kikomo na gharama za kujitetea, hata kama mwisho wake utaonekana huna hatia. Soma kikomo ni kwa tukio moja au kwa mwaka mzima.

Wewe kata hilo tawi. Usisubiri bima, ni gharama ya fundi wa panga na chai yake. Na ujue kama gari la jirani lina bima kubwa, kampuni yake itamlipa yeye kisha itakufuata wewe. Mtakuwa mmeshapatana wenyewe kwa wenyewe, lakini barua ya madai itakuja.

Bima ya dhima haibebi wafanyakazi wako, hao ni wa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) na kila mwajiri anatakiwa awe amejisajili na anachangia. Haibebi familia yako, wala mali yako mwenyewe.

Bi_Mtanda

Wanangu mimi nimesoma yote. Jambo moja tu linanitatiza. Mwaka juzi ukuta wangu uliangukia jiko la jirani, akaumia mguu mtoto wa shule. Nilikwenda usiku uleule na mume wangu, tukampeleka hospitali, asubuhi tukakaa kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikiana kwamba nitajenga jiko. Sasa kijana wangu ananiambia kwenye bima imekatazwa kukubali kosa. Ina maana nimwache mtoto anavuja damu nisubiri kampuni?

Jembe_la_Mtama

Mama usiwasikilize hawa. Utu kwanza.

Mkaguzi_Kusini

Shikamoo mama. Ulifanya vizuri, na hakuna mkataba unaokataza ulichofanya usiku ule.

Ni kweli mikataba ya dhima ina sharti: usikiri kosa, usiahidi kulipa, usilipe, bila kampuni kujua. Lina maana yake, kwa sababu ukishaandika kwa mwenyekiti kwamba utalipa milioni tano, kampuni imefungwa na maneno ambayo haikuwepo yakisemwa. Wengi wamenyimwa kwa karatasi ya namna hiyo. Lakini sharti hilo limeandikwa na watu ambao jirani yao hawamjui jina. Huku ukuta wako ukimwangukia mtu halafu ukajifungia ndani unasubiri simu ya Dar, mtaa umekuhukumu kabla ya jua kutoka, na jirani ambaye angekubali kujengewa jiko anakwenda polisi.

Kwa hiyo tunatenganisha. Kumpeleka majeruhi hospitali na kulipa matibabu ya dharura, fanya. Kwenda kutoa pole, kupeleka unga na mchele, kukaa nao, fanya. Pole si kukiri kosa. Kwa mwenyekiti nenda pia, usikwepe wito, ila kiandikwe kilichotokea tu: tarehe, saa, ukuta ulianguka upande gani, nani kaumia, vitu gani vimeharibika. Pale panapoandikwa "mimi fulani nakubali kulipa kiasi fulani", sema hivi: "Nina bima, nimeshawapa taarifa, naomba tukutane wiki ijayo." Wenyeviti wengi wanaelewa, tena jirani anafurahi akisikia kuna mlipaji mwenye hela kuliko wewe. Kisha asubuhi ileile wapigie bima, na uwaandikie. Kimya chako cha wiki mbili kinaharibu madai kuliko pole zako zote.

Bi_Mtanda

Marahaba mwanangu. Hapo nimeelewa. Lakini jiko nilishajenga.

Mkaguzi_Kusini

Basi mama hilo limeisha na jirani yako ni wako.

Fundi_Paa_Lindi

Mkuu umetusahau sisi. Mwezi huu wote wananiita: "njoo uzibe kabla ya mvua". Napanda bati la moto, ngazi ya mianzi. Nikidondoka?

Mkaguzi_Kusini

Swali zuri, na wenye nyumba wasome. Kama ni mfanyakazi wa kampuni ya ujenzi, mwajiri wako anatakiwa awe WCF. Kama ni fundi unayejitegemea umepatana kazi kwa bei, kwa kawaida usalama wako ni juu yako, ila mwenye nyumba anaweza kudaiwa kama yeye ndiye aliyekupa ngazi mbovu au hakukwambia kenchi imeliwa na mchwa. Kwa mwenye gesti au duka, uliza kama bima yako ya dhima inamhusu fundi wa kibarua anayefanya kazi ndani ya eneo lako. Baadhi zinasema hapana waziwazi. Na wewe fundi kamata bima ya ajali binafsi, haina gharama ya kutisha. Halafu tupa hiyo ngazi.

Ustadh_Rahaleo

Nawasoma. Kwa sisi ambao riba na kubahatisha vinatutia shaka, kuna njia?

Mkaguzi_Kusini

Takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ipo ustadh, na TIRA imeshatoa miongozo yake. Yote niliyoandika kuhusu kiasi, nyongeza na taarifa yanahusu huko pia.

Kusini_Damu

Me nataka kukata nyongeza ya dhoruba lakini hela mpaka mnada wa pili. Wakala wangu kasema hamna shida, ananiandikia kavanoti (hati ya muda ya bima), nitamalizia korosho zikilipwa. Iko poa?

Mkaguzi_Kusini

Haiko poa. Sheria ya Bima ya 2009 iko wazi, bima haianzi mpaka ada ilipwe. Huku tumezoea kila kitu "korosho zikilipwa", duka la Mangi linakubali, fundi cherehani anakubali, hata mahari inasubiri mnada. Bima haisubiri. Dhoruba ikija kati ya leo na mnada wa pili, wakala atakuwa na pole nyingi na wewe hutakuwa na mkataba.

Kama huna hela yote, bora upunguze: chukua dhoruba na mafuriko kwa jengo, acha kwanza vitu vidogo. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, sio namba ya simu ya wakala. Ukishalipa ingia mfumo wa TIRA uhakiki kwamba bima yako inaonekana. Na kwenye ada weka hesabu ya VAT, watu wanatajiwa bei bila hiyo halafu wanashangaa.

Baharia_Mikindani

Mashua je?

Mkaguzi_Kusini

Hiyo sio fani yangu baharia, nisikudanganye. Bima ya vyombo vya majini ni mkataba wa peke yake, na mashua ya mbao wanaitaka ikaguliwe na iwe na usajili. Mashine ya boti ikiwa imehifadhiwa nyumbani kwako itaje kwenye bima ya vitu vya ndani, lakini ikishaingia majini bima hiyo imekwisha.

MamaGesti

Mrejesho. Nimetoka benki. Jengo limekatiwa milioni 70, vitu vya ndani hakuna, dhoruba ipo, mafuriko hayapo. Banda la makuti hawalijui. Dhima kwa wageni haipo kabisa. Nimewaambia nataka kuongeza, dada wa pale kaniuliza "kwani kuna nini?"

Mkaguzi_Kusini

Kazi nzuri. Sasa pata makadirio ya kujenga upya kutoka kwa mthamini au hata mkandarasi wa hapo Masasi, kwa maandishi. Benki ikishindwa kuongeza, unaweza kukata mkataba wa pili wa kujazia kwa kampuni nyingine, ila pande zote mbili zijulishwe, maana mali moja hailipwi mara mbili. Dhima kwa wageni iweke kabla ya Desemba, veranda ikilowa ndipo watu wanapoteleza. Orodha ya vitu vya ndani ianze na jenereta na friji. Na ujue bima ya moto hailipi friji iliyoungua yenyewe kwa umeme kurudi kwa kishindo, inalipa moto uliotokea hapo ukasambaa. Ukitaka vifaa vya umeme vyenyewe vilindwe, hilo nalo ni ombi la peke yake.

Mpangaji_Chikongola

Mimi ni mpangaji wa fremu tu, nauza simu na vifaa vyake. Mwenye nyumba anasema jengo lina bima. Inanihusu?

Mkaguzi_Kusini

Jengo ni lake, simu ni zako. Likiungua yeye atajengewa, wewe utapewa notisi. Kata bima ya bidhaa zako na ya wizi wa kuvunja, na usome sharti la mlango: mara nyingi wanataka nondo na kufuli za aina fulani, na wizi usio na alama ya kuvunja hawalipi. Kama moto umeanzia kwenye fremu yako kwa waya ulizounga mwenyewe, kampuni ya mwenye nyumba inaweza kukudai wewe, kwa hiyo ulizia na dhima ya mpangaji. Vitabu vya mauzo na risiti za manunuzi visikae dukani usiku.

Kesho natoka kwenda Liwale, mtandao huko ni wa kuvizia. Wenye maswali ya stoo za AMCOS andikeni hapa, nitayajibu nikirudi.